Kabla sijakushauri goti la bandia, jua nani amewahi kunilipa

Mimi ni daktari bingwa wa mifupa, kazi yangu kubwa ni magoti, na kuna kitu wagonjwa wangu wengi hawakukijua kwa muda mrefu. Kampuni moja inayotengeneza magoti ya bandia ilikuwa inanilipa. Haikunilipa ili niweke goti lake, hapana, ilinilipa kufundisha madaktari wenzangu namna ya kulipandikiza, nauli, hoteli, na ada ya kila mafunzo, karibu miaka mitatu, yote kwa mkataba uliosainiwa. Hakuna sheria niliyovunja. Lakini miaka hiyo hiyo nilikuwa nakaa na mgonjwa kliniki namwambia "kwa goti lako mimi nakushauri tuweke la aina hii", na aina hii ndio hiyo hiyo, na nilikuwa sisemi kitu.

Aliyeniamsha ni mzee mmoja. Mezani kwangu kulikuwa na goti la plastiki la kuonyeshea wagonjwa, lina jina la kampuni ubavuni, wala nilikuwa silioni tena kwa mazoea. Nikamaliza kumweleza, akaligeuza geuza mkononi, akasoma lile jina, akaniuliza taratibu, "Daktari, hawa ndio wenye hili goti unalotaka kuniwekea? Mnafahamiana?" Nikamwambia ndio mzee wangu, huwa nawafundishia. Wanakulipa? Wananilipa. Akaliweka mezani akasema, "Basi ungeanza na hilo." Hakukasirika, na ndio maana iliniuma, maana alichoomba kilikuwa kidogo sana na nilikuwa na uwezo wa kumpa tangu dakika ya kwanza.

Watu wakisikia mgongano wa maslahi wanafikiria rushwa. Sio kitu kimoja. Mgongano ni hali uliyomo, yaani una jukumu kwa mgonjwa halafu pembeni kuna kitu kingine kinachoweza kukuvuta, pesa, cheo, urafiki, utafiti wako, na unaweza ukawa ndani ya hiyo hali bila kufanya kosa lolote. Kosa linaanza pale unapomnyima mgonjwa habari ambayo angeitumia kuamua. Hili lilishafika hadi mahakamani Marekani. Bwana mmoja, John Moore, alikuwa na saratani ya damu, akatolewa bandama mwaka 1976 kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, halafu kwa miaka akawa anaitwa kurudi kutoa damu na sampuli nyingine, kumbe daktari wake anakuza seli zake maabara, na mwaka 1984 zikapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya jimbo la California ikasema seli zilizokwisha kutolewa hawezi kuzidai kama mali yake, lakini anayo haki ya kumshtaki daktari kwa kutomwambia, kwa sababu maslahi ya daktari ya utafiti na ya pesa ni sehemu ya yale mgonjwa anatakiwa kuyajua kabla hajakubali. Niliisoma hiyo kesi nikiwa mwanafunzi. Sikuwahi kufikiri inanihusu mimi na goti langu la plastiki.

Na hapa niseme wazi nilivyokuwa najidanganya. Nilikuwa naamini kabisa pesa ile hainibadilishi, nilichagua goti lile kwa sababu nalijua. Labda ni kweli, lakini mimi sio shahidi mzuri wa hilo. Kuna utafiti wa mwaka 2001 uliowauliza madaktari waliokuwa kwenye mafunzo ya ubingwa Marekani kuhusu matangazo na zawadi za kampuni za dawa: asilimia 61 walisema haviwaathiri wao, lakini ni asilimia 16 tu walioamini kwamba madaktari wenzao nao hawaathiriki. Soma tena hizo namba, haziwezi zote mbili kuwa sahihi. Halafu mwaka 2016 ukatoka mwingine, umeangalia madaktari zaidi ya laki mbili, ukakuta hata aliyenunuliwa mlo mmoja tu, wastani chini ya dola 20, alikuwa anaandika zaidi dawa ya aliyemlisha kuliko ambaye hakulishwa. Haukuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha, ila mimi nilikuwa napokea zaidi ya chakula.

Kwenye fani yangu tuna historia yetu. Mwaka 2007 kampuni nne kubwa za magoti na nyonga za bandia zilikubali kulipa serikali ya Marekani jumla ya dola milioni 311 kumaliza madai kwamba mikataba ya ushauri na madaktari ilikuwa njia ya kuwashawishi watumie bidhaa zao, zenyewe hazikukiri kosa, lakini zikatakiwa ziweke hadharani majina ya madaktari na kiasi wanacholipwa. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zitangaze malipo hayo, na tangu Septemba 2014 mtu yeyote anaweza kuingia mtandaoni akatafuta daktari wa kule amelipwa nini na nani. Ni kitu kizuri sana, ningependa kila nchi iwe nacho. Ila mzee wangu asingeenda kutafuta. Mtu ana maumivu, halali usiku, anakuja kwako kwa sababu anakuamini, halafu wewe umtume akachunguze?

Ugumu zaidi uko kwenye maslahi yasiyo na risiti. Mimi ni mpasuaji, nimejifunza kupasua, nalipwa nikipasua, na heshima yangu kwa wenzangu inatokana na kupasua. Zamani tulikuwa tunaingiza kamera kwenye magoti yaliyolika gegedu, tunasafisha, tunaosha, na wagonjwa walikuwa wanarudi wanasema wamepata nafuu, sasa nani angetuambia tunakosea? Mwaka 2002 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 180, wengine walifanyiwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa, hawajui nani kafanyiwa nini, wakafuatiliwa miaka miwili, na waliofanyiwa kweli hawakuwa na nafuu zaidi kuliko waliochanwa ngozi. Nakumbuka tulivyoupokea, tulitafuta kasoro zake kwa bidii ambayo hatujawahi kuitumia kwa utafiti unaotusifia. Hakuna aliyetulipa tufanye hivyo. Tulikuwa tunalinda kitu tulichokuwa tunakijua na kukipenda, na huo nao ni mgongano, lakini kwenye fomu ya kutangaza maslahi hakuna mstari wake.

Wenzangu wengine wananiambia nikiyasema haya kliniki nitawatisha wagonjwa, na bila madaktari kukaa na wahandisi hakuna goti litakaloboreshwa. Hilo la pili nakubali kabisa. La kwanza hapana, wagonjwa wangu hawatishiki, wanauliza maswali mazuri zaidi. Kinachonisumbua mimi ni kingine: kutangaza peke yake kunaweza kuharibu. Mwaka 2005 watafiti walifanya jaribio la mtungi wenye sarafu, mtu mmoja anauona kwa karibu anamshauri mwingine aliye mbali akadirie kiasi, na mshauri analipwa zaidi makadirio yakiwa juu. Maslahi yake yalipotangazwa, alizidi kuongeza chumvi kwenye ushauri, na aliyeshauriwa hakupunguza vya kutosha. Yaani ukishasema "nina maslahi", unaweza kujiona umeshatubu, uko huru.

Kwa hiyo mkataba niliuacha, maana kuna mambo hayatoshi kutangazwa, yanatakiwa kuachwa. Goti la plastiki nimebadilisha, hili halina jina. Na kabla sijatoa ushauri, sio baada, sio kwenye karatasi ya ridhaa wakati mgonjwa yuko njiani kwenda chumba cha upasuaji, namwambia kwa mdomo: kampuni fulani iliwahi kunilipa, aina nyingine ni hizi na hizi, mimi kazi yangu ni kupasua kwa hiyo uelewa naelekea huko, na kuna mtu wa mazoezi ya viungo na daktari mwingine asiye na uhusiano na kampuni hiyo, nitakuandikia barua ukamsikilize. Inachukua dakika tatu. Kwenye kamati ya kuandika miongozo ya matibabu, ikifika sehemu ya kuchagua vipandikizi, natoka chumbani, wapige kura bila mimi.

Yule mzee alichukua barua. Akaenda kwa mwenzangu, akaanza mazoezi, akapungua uzito kidogo, na mpaka leo goti lake ni lile lile la kuzaliwa. Anakuja mara mbili kwa mwaka nimpime, na kila akikaa anaanza yeye: "Haya daktari, mwaka huu nani anakulipa?" Namjibu, ndio tunaanza kuongelea goti.