Kituo cha hali ya hewa nyumbani: Mwanza, anza na kipima mvua

Wiki iliyopita mama mmoja anayeanika dagaa Igombe alinipigia simu alfajiri. "Fundi, mashine yako inaandika sifuri na dagaa wangu wote wameloa." Nilipanda ngazi, nikafungua kipima mvua. Kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa na bonge la vijidudu vya ziwani, vile vinavyonyanyuka juu ya maji kama moshi na kuvamia taa usiku. Juu ya bonge maji yametuama, safi kabisa. Mvua ilinyesha, ila haikufika kwenye vijiko.

Maana kazi yote iko kwenye vijiko. Viko viwili, vimeshikana kama bembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, na mpinduko unahesabiwa. Kwa vituo vingi mpinduko mmoja ni milimita 0.2 au karibu 0.3, na milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita mraba. Ukitaka kukihakiki, chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Kama mdomo wa kipima mvua una upana wa sentimita 11.3, eneo lake ni sentimita mraba 100, hivyo mililita 100 ulizodondosha polepole zitoe milimita 10. Usimwage kwa pupa, vijiko vitapitwa na maji.

Kwa hiyo dukani swali langu la kwanza ni hili: kipima mvua kinafunguka kwa mkono ili kisafishwe? La pili: kiwambo cha ndani, kile kioo kinachoonyesha vipimo, kina betri yake na kinatunza kumbukumbu umeme ukikatika? Mambo ya intaneti yaje baadaye. Wewe hakikisha tu ruta yako (kifaa cha Wi-Fi) inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4, kwani vituo vingi haviunganishwi na mawimbi mengine.

Mahali pa kukifunga pananiumiza kichwa kuliko bei. Watu wanapenda juu ya bati. Bati la saa nane mchana linachemka, na kipimajoto kitakuandikia joto la bati. Majabali yetu nayo hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, kwa hiyo nyumba za milimani zisikiweke ubavuni mwa jiwe. Kipimajoto kikae mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, juu ya majani, ndani ya kikinga jua cheupe kinachopitisha hewa. Upepo, kwa kanuni, hupimwa mita 10 juu. Kama vipimo vyote vimeungana kwenye mlingoti mmoja, huwezi kupata vyote viwili. Mimi naupoteza upepo ili nipate joto na mvua sahihi.

Maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa kaskazini ya ikweta, paneli ya jua ielekee kusini. Sisi tuko kusini. Ukigeuza paneli, kipima upepo kilichoungana nayo nacho hugeuka, hivyo badilisha na mpangilio wa kizio cha dunia (nusu ya kaskazini au ya kusini) kwenye kiwambo, la sivyo upepo wa ziwani utaandikwa kuwa unatoka bara. Jipime hivi: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka kutoka nchi kavu. Kama mshale wako hauonyeshi mgeuko huo siku tulivu, kagua dira au ukuta ulio jirani.

Kisha mgandamizo wa hewa. Wateja hushtuka kuona hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 887 wakati simu inasema 1013, yaani hesabu ya usawa wa bahari, wakadhani kifaa kibovu. Si kibovu. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 10 hivi unazopanda hupunguza karibu hektopaskali 1. Ingiza mwinuko wa nyumba yako kwenye kiwambo, namba zitakaribiana. Ila alama ya wingu kwenye kiwambo usiiamini. Huku ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kama pumzi: juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Kiwambo huona mteremko wa jioni kikatangaza mvua, hata kiangazi. Kwa utabiri sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Igombe nimefunika mdomo kwa wavu wa waya, na mama anaupiga mswaki kila Jumamosi. Mvua ya juzi iliandikwa milimita 14.2. Kile kipima mvua cha plastiki nilichomwachia uani kilisoma 14.