Yokozuna: kamba iliyommeza mvaaji

Wengi hutafsiri yokozuna kuwa "bingwa mkuu" wa sumo, mieleka ya Kijapani. Kwa maana ya leo hawajakosea, lakini ndani ya neno lenyewe hamna bingwa wala ukuu. Kazi yangu ni kuchokonoa maneno ya Kijapani, na hili nikilifungua nakuta vitu viwili tu: yoko, yaani upande au mlalo, na tsuna, yaani kamba nene.

Mbona basi zuna, si tsuna? Kijapani kikiunganisha maneno mawili, mara nyingi sauti ya kwanza ya neno la pili hubadilika. Origami unaijua: ori ni kukunja, kami ni karatasi, na k imegeuka g. Nasi tunayo mageuzi yetu, ulimi ukizidi mmoja ni ndimi, ingawa sababu yake ni nyingine.

Kamba hiyo ni nyeupe, hufungwa kiunoni ikaning'inizwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa mithili ya radi. Ni ndugu wa kamba za mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Japani, zinazotenga mahali patakatifu. Mwaka 1789 ukoo wa Yoshida, uliokuwa na mamlaka juu ya sumo, uliwapa ruhusa wanamieleka wawili, Tanikaze na Onogawa, kuingia ulingoni kwa sherehe wakiwa wameivaa. Hicho hakikuwa cheo! Cheo cha juu kabisa kilikuwa ozeki, na yokozuna ilikuwa heshima ya kuvaa tu.

Karne nzima ikapita kabla neno halijapanda kutoka kiunoni. Mwaka 1890 liliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye banzuke, orodha ya vyeo, juu ya jina la mwanamieleka Nishinoumi, na lengo lilikuwa kumtuliza, kwa kuwa alilalamikia nafasi aliyopangiwa. Kwa hiyo manung'uniko ya mtu mmoja yalichangia kuzaa cheo. Kanuni zikakitambua rasmi mwaka 1909.

Kiswahili kilipotaka kumpa mtu jina la kiti, kilisema mwenyekiti. Kijapani hakikujisumbua na "mwenye": mtu akaitwa kamba, basi. Kamba yenyewe ikabaki na jina fupi, tsuna, nalo bado linafanya kazi. Ozeki akikaribia kupandishwa, Wajapani husema yuko kwenye tsunatori, kutwaa kamba.