Malisho yanayochoka na malisho yanayopona: dhana potofu na ukweli kwa familia za wafugaji

Familia inapoamua kujifunza usimamizi jumuishi wa ardhi, yaani ule unaotazama udongo, nyasi, mifugo, fedha na maisha ya watu kama kitu kimoja, mara nyingi huanza na maarifa ya nusunusu yaliyookotwa kwa majirani, kwenye video fupi au katika mkutano wa siku moja. Baadhi ya maarifa hayo ni sahihi na mengine yamepinda, na yaliyopinda hugharimu kwa sababu kosa la malisho halionekani siku lilipofanyika. Huonekana msimu wa pili au wa tatu, wakati aliyelifanya ameshasahau alichokifanya.

Dhana: Malisho huharibika kwa sababu mifugo ni mingi mno

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na si wafugaji peke yao walioiamini. Allan Savory, mwanabiolojia wa Zimbabwe ambaye jina lake limeshikamana na mbinu hii, alieleza hadharani mwaka 2013 jinsi utafiti wake wa ujanani ulivyochangia uamuzi wa kuua tembo wapatao 40,000 kwa imani kwamba walikuwa wamezidi uwezo wa ardhi, na jinsi ardhi ilivyozidi kuharibika baada ya tembo hao kuondolewa. Naye Mfaransa André Voisin, aliyefuga ng'ombe huko Normandie na kuyachunguza malisho yake mwenyewe, alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1950 kwamba swali la kwanza ni la muda: mmea umekaa siku ngapi mbele ya mdomo wa mnyama, na umepewa siku ngapi za kupona kabla ya mdomo huo kurudi?

Inama uangalie shina moja la nyasi za kudumu. Jani linalong'atwa ndilo linaloulisha mzizi, kwa hiyo kinachotokea juu husikika chini. Mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alionyesha mwaka 1955 kwamba kukata mara moja asilimia 40 ya majani hakukusimamisha ukuaji wa mizizi, ilhali kukata asilimia 80 kuliusimamisha kwa siku 12, na asilimia 90 kwa siku 17. Sasa fikiria siku ya tano au ya sita, chipukizi laini linapotokeza. Ng'ombe aliyeachwa palepale huliona tamu kuliko majani yaliyokomaa, akalirudia, na mzizi ambao haujaanza kukua tena ukapata pigo la pili. Ndiyo maana hata katika eneo kubwa lenye ng'ombe kumi tu utakuta vishina vilivyoguguniwa hadi ardhini vikiwa hatua moja tu kutoka kwenye vishina virefu, vya kijivu, vilivyokauka vikiwa wima bila kuguswa. Mmea mmoja umeliwa kupita kiasi na jirani yake umepumzishwa kupita kiasi, chini ya kundi lilelile.

Hata hivyo, idadi haijafutwa kwenye hesabu. Wanaowaambia wafugaji kwamba wakishaanza kuzungusha malisho, yaani kuigawa ardhi vipande na kulihamisha kundi kutoka kimoja hadi kingine, wanaweza kuongeza kundi maradufu mwaka huohuo wanawauzia ndoto. Nyasi huongezeka kwanza, mifugo hufuata, na mvua zikikatika hupunguzwa mapema, kabla haijakonda na bei yake haijaanguka.

Dhana: Nyasi zikipungua, zungusha mifugo haraka zaidi

Inaonekana busara: kipande kimeisha, hamia kingine. Lakini hesabu inasema kinyume. Chukua eneo lililogawanywa vipande 10, kundi likiwa moja. Wakati wowote kipande kimoja kinalishwa na vingine 9 vinapona. Ikiwa nyasi zinakua upesi na zinahitaji siku 45 kupona, kundi litakaa siku 5 katika kila kipande, kwa kuwa 45 ukigawanya kwa 9 unapata 5. Ukuaji ukipungua na siku za kupona zikafika 90, kundi linapaswa kukaa siku 10. Anayezungusha kwa siku 5 katika kipindi hicho hurudi kwenye kipande cha kwanza siku 45 tu baada ya kukiacha, akiwa ameukatia mmea nusu ya muda wake wa kupona, na hufanya hivyo akidhani anauokoa. Kanuni wanayofundishwa wanaoanza ni fupi: ukuaji wa haraka, mwendo wa haraka, ukuaji wa polepole, mwendo wa polepole. Kama chakula hakitoshi siku 10, tatizo ni wingi wa midomo, na halitibiwi kwa mwendo.

Dhana: Ardhi iliyochoka dawa yake ni kuachwa bila mifugo

Inategemea ardhi iko wapi. Penye unyevu mwaka mzima, majani yaliyokufa huoza upesi na ardhi iliyoachwa hujifunika yenyewe. Penye kiangazi kirefu, majani makavu hubaki yamesimama, huchakaa kwa jua na upepo badala ya kuoza, na huzuia mwanga usifike kwenye machipukizi ya chini. Hapo kundi lililosongamana kwa muda mfupi hufanya kazi mbili: huangusha majani makavu yakawa matandazo, na huacha samadi na mkojo.

Lakini hapa ndipo wafuasi wa mbinu hii wanapozidisha, kwa maoni yangu. Ziko nyanda kavu, kama zile za Uwanda wa Juu wa Colorado huko Marekani, ambazo uso wa udongo wake umeshikwa na utando hai wa bakteria, kuvu na mwani. Utando huo huzuia mmomonyoko, hukamata naitrojeni kutoka hewani na huvunjika kwa kukanyagwa. Kuzipelekea kwato kwa jina la kuzihuisha ni kuziharibu.

Dhana: Sayansi imeshakata shauri

Wengine husema imethibitisha, wengine imekanusha, na pande zote mbili huchagua utafiti unaozipendeza. Mapitio ya David Briske na wenzake ya mwaka 2008 yalipitia majaribio mengi na hayakupata faida ya kuzungusha malisho ikilinganishwa na kuyalisha mfululizo, kwa upande wa uzalishaji wa nyasi wala wa mifugo. Richard Teague na wenzake walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa ranchi jirani za Texas, wakakuta udongo bora na ardhi tupu kidogo zaidi kwa wale waliozungusha kwa kubadilika na hali. Kisha jaribio la mashariki mwa Colorado, ambamo mpango wa mzunguko uliamuliwa pamoja na wafugaji wenyewe, lilitoa mwaka 2020 jibu chungu: maksai waliozungushwa waliongezeka uzito kwa asilimia 12 hadi 16 pungufu ya wale waliolisha mahali pamoja msimu mzima, ingawa idadi ya ng'ombe kwa eneo ilikuwa ileile. Kundi kubwa lililosongamana halina nafasi ya kuchagua jani bora, na kukosa kuchagua huonekana kwenye mizani. Mfugaji anayeuza kwa uzito anapaswa kuambiwa hilo kabla hajanunua waya wa uzio hata mmoja.

Dhana: Ng'ombe wakilishwa vizuri watafidia gesi zao zote zinazoongeza joto duniani

Hapana. Ripoti ya mwaka 2017 ya watafiti waliokusanyika chini ya mtandao wa utafiti wa chakula na tabianchi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ilikadiria kwamba, hata mambo yakienda vizuri sana, kaboni inayohifadhiwa ardhini ingefidia asilimia 20 hadi 60 tu ya gesi za mifugo ya malisho, na kwa muda, kwa sababu udongo hufikia kikomo chake.

Dhana: Bila uzio mwingi haiwezekani

Uzio ni chombo kimojawapo. Mchungaji anayejua kundi lake hufanya kazi ileile, na mara nyingi kinachokwamisha ni maji, maana kipande kisicho na maji karibu hubaki kwenye ramani tu.

Dhana: Anayepaswa kujifunza ni mwenye ranchi

Mafunzo haya huanza kwa maswali yasiyohusu nyasi kabisa: nani hasa anaamua hapa, tunataka kuishi maisha gani, na ardhi iweje ili maisha hayo yaendelee kwa wajukuu? Mzee akienda peke yake darasani, hurudi na ramani nzuri ambayo anayekamua hakuulizwa, anayetunza daftari la matumizi hakuiona, na kijana anayechunga anaiona kama adhabu. Mpango wa fedha nao hupangwa kinyume cha mazoea: faida hutengwa kwanza kutoka kwenye mapato yanayotarajiwa, kisha matumizi yanabanwa ndani ya kinachobaki. Kazi hiyo haifanyiki pale mmoja anapojua mapato na mwingine ndiye anayejua madeni. Kwenye ardhi ya jumuiya ugumu huongezeka, kwani familia moja isiyokubali inaweza kuingiza mifugo siku ya 30 kwenye kipande kilichoahidiwa siku 90, na juhudi za wengine wote zikaliwa kwa asubuhi moja.

Dhana: Mpango ukishaandikwa vizuri, kazi imebaki kuufuata

Savory alifundisha kwamba uamuzi wowote unaohusu ardhi uchukuliwe kuwa huenda una kosa tangu siku ya kwanza, ili dalili za kosa zitafutwe mapema. Kipimo kimoja, cha kasi ya maji kuzama udongoni, hakihitaji mtaalamu. Kata bati au bomba liwe pete yenye kipenyo cha sentimita 15, ligongee ardhini kidogo, tandaza mfuko wa plastiki ndani, mimina mililita 440 za maji, ambazo ni sawa na mvua ya milimita 25, kisha vuta mfuko polepole na uangalie saa. Maji yakizama, mimina kiasi hichohicho tena, kwa kuwa mara ya pili ndiyo inayoonyesha udongo uliolowa unafanyaje. Andika dakika, tarehe na mahali, chomeka kigingi, na urudi kwenye kigingi hichohicho mwaka ujao majira kama hayo.