«Adiós» si «naenda kwa Mungu»

Wengi wanaojifunza Kihispania huambiwa kwamba «adiós», neno la kuagana, maana yake ni «naenda kwa Mungu», eti ndiyo maana haifai kumwambia mtu utakayemwona kesho. Si kweli. Anayekabidhiwa kwa Mungu ni yule anayeagwa, wala hakuna kifo hapo.

Neno hilo ni kipande tu cha sentensi. Wahispania wa zamani walisema «a Dios seades», yaani uwe mikononi mwa Mungu. Wafaransa walisema «a Dieu vous comant», nakukabidhi kwa Mungu. Kitenzi kikadondoka kwa kutumika mno, kikabaki kihusishi «a» na jina la Mungu: «adiós», «adieu», «adeus» ya Kireno, «addio» ya Kiitalia. Anayetaka ushahidi aangalie Kikatalani: «adéu-siau» bado ina kitenzi chake, «siau», yaani «muwe».

Uzito wa kuagana milele umo katika «adieu» na «addio» za leo, tena si kila mahali. Kusini mwa Ufaransa na katika jimbo la Vaud, Uswisi, watu husema «adieu» hata wanapokutana. «Adiós» ni ya kila siku. Wahispania wakipishana barabarani bila kusimama hurushiana hiyo hiyo.

«Ciao» ya Kiitalia, inayotumika kusalimiana na kuagana, haimo kabisa katika ukoo huu. Inatokana na neno la Venezia lenye maana ya «mtumwa»: mimi ni mtumwa wako.