Kwa Nini Mtafutaji Haachani na Detekta Yake ya Zamani

Ukihudhuria siku ya kutafuta vitu vya metali vilivyofukiwa ardhini katika mashamba ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, utaona jambo linalowashangaza wageni wengi. Mtu ana uwezo wa kununua detekta mpya ya metali, pengine anayo tayari kwenye buti la gari, lakini aliyoishika mkononi ni ile kuukuu, rangi imechubuka, mpini umezungushiwa utepe. Mimi ni fundi wa elektroniki, mzaliwa wa Tanga, na huku ninakoishi kazi yangu kubwa ni kutengeneza mashine hizi. Siku za mapumziko naingia shambani na yangu. Wengi hudhani mapenzi haya ni kumbukumbu tu: sarafu ya kwanza, pete ya kwanza. Kumbukumbu zipo, ila sababu kubwa iko sikioni.

Tuone kwanza mashine inavyofanya kazi. Chini kabisa kuna koili, sahani yenye nyaya za shaba zilizozungushwa ndani yake. Waya mmoja hupelekewa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu, na waya wa pili ndio unaoudaka. Jibu hilo huja likiwa limechelewa kidogo. Fedha na shaba nene, zinazopitisha umeme vizuri, huchelewesha zaidi; karatasi nyembamba ya alumini huchelewesha kidogo tu. Mashine hupima huko kuchelewa, kisha hutoa mlio na, kwa zile zenye skrini, namba.

Ugumu unaanzia hapo. Pete ndogo ya dhahabu na kile kipete cha kufungulia kopo la soda vinaweza kutoa namba ileile, kwa sababu mashine haipimi thamani wala rangi. Inapima jinsi umeme unavyozunguka ndani ya kitu chenye ukubwa na umbo fulani. Msumari mdogo kwa kawaida huguna, lakini washa ya chuma, kile kipete bapa cha bolti, au kipande kikubwa kilichopinda kinaweza kulia juu kabisa, mahali pa fedha. Sarafu iliyosimama wima hailii sawa na iliyolala. Udongo wenye madini ya chuma huivuruga namba, na kadiri kitu kilivyo chini ndivyo namba inavyozidi kuyumba. Kwa hiyo mtafutaji mzoefu hachimbi namba. Anachimba sauti.

Na sauti ina mambo mengi. Kuna mlio unaoanza na kuisha kwa upole, duara, unaojirudia vilevile koili ikipita kulia na ikipita kushoto. Kuna mlio unaokatika ukingoni, au unaolia upande mmoja na kunyamaza upande wa pili. Kuna kile kinong'ono kinachosikika mara moja kati ya misumari miwili, ambacho mtu asiyekizoea hupita juu yake na kuendelea na safari. Katika mashine nyingi za analojia, mlio unatoka karibu moja kwa moja kwenye ishara inayodakwa, kwa hiyo urefu wake, ulaini wake na nguvu yake vinabeba habari za ukubwa na kina. Mashine nyingi za kidijitali huichambua ishara kwanza, kisha huchagua mlio wa kukupa. Zina faida kubwa, hasa kasi ya kutenganisha vitu vilivyobanana, lakini uchambuzi huo hufanywa na kila mtengenezaji kwa namna yake. Aliyezoea detekta za kampuni ya Garrett akipewa detekta ya Kifaransa iitwayo XP Deus husikia kelele tupu, ingawa mashine ni nzuri mno. Mpiga udi hupata shida hiyohiyo akishikishwa udi wa mwingine: nyuzi ni zilezile, vidole ndivyo vinavyopotea.

Mkono nao hujifunza. Koili inatakiwa ipite sambamba na ardhi, kwa kasi ambayo mashine hiyo inaitaka. Baadhi ya mashine za zamani hutaka mwendo wa taratibu sana. Ukiharakisha, zinakosa vitu vilivyo chini. Uzito ukiwa umesawazishwa vizuri kwenye kiwiko, mtu hutembea siku nzima bila kuufikiria mkono wake. Huku, Januari vidole vikiwa ndani ya glovu, mwenye mashine ya vifundo huzungusha kifundo cha kuirekebisha mashine iendane na udongo bila hata kukitazama. Mimi naamini ujuzi huu wa mwili ndio mali halisi ya mtafutaji, kuliko bei ya mashine yenyewe.

Mfano ulio wazi kwangu ni Tesoro. Ilikuwa kampuni ya detekta ya Marekani, yenye makao yake Prescott, Arizona. Mashine zake nyingi zilikuwa nyepesi, bila skrini, zenye mlio mmoja tu, na aliyezinunua mpya alipewa dhamana ya maisha. Kampuni ilifungwa mwaka 2018. Miaka miwili baadaye kampuni nyingine ya detekta, White's Electronics ya Sweet Home, Oregon, nayo ikafunga kiwanda. Wenye mashine zao hawakuzitupa. Wananiletea wakiwa wamebeba na mashine nyingine mbovu ya aina hiyohiyo, waliyoinunua ili ichinjwe kwa ajili ya vipuri. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo: waya uliokatika ndani karibu na koili, pale unapopindwapindwa, au kutu kwenye vishikio vya betri. Wapo wanaoniomba nisibadilishe koili kama inaweza kuokolewa, na ombi hilo nalichukulia kwa uzito. Koili mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kidogo, na sikio lililozoea hugundua.

Historia ya hobi hii nayo inawaunga mkono wanaong'ang'ania mashine zao. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima aliyepoteza nyundo yake alimwomba rafiki yake Eric Lawes amsaidie kuitafuta. Lawes alikuwa mstaafu, na detekta yake alipewa zawadi alipostaafu. Akapata sarafu za Kirumi, minyororo ya dhahabu na vijiko vya fedha. Alipoona ukubwa wa jambo aliacha kuchimba, taarifa zikapelekwa, na wanaakiolojia wakaifukua hazina kwa utaratibu. Sarafu peke yake zilikaribia 15,000. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina yenyewe. Mwaka 2009 Terry Herbert aliipata hazina ya Staffordshire, maelfu ya vipande vya dhahabu na fedha vya Waanglo-Saksoni, akitumia detekta yenye umri wa miaka 14. Sisemi mashine kuukuu huvuta hazina. Ruhusa ya mwenye shamba na historia ya shamba lenyewe ndiyo mambo makubwa. Lakini watu hao walikuwa na mashine za kawaida, na huyo wa Hoxne alijua pia wakati wa kuiweka chini.

Hilo la kuacha kuchimba nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Huku kuna Sheria ya Hazina ya 1996, na kuna mpango wa kusajili vitu vilivyookotwa na raia, ulioanza 1997, ambao umesajili vitu zaidi ya milioni moja. Kwetu hali ni tofauti. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba malikale bila kibali ni kosa. Kilwa Kisiwani na magofu mengine ya pwani si uwanja wa hobi hii hata kidogo. Sarafu ya masultani wa Kilwa ikitolewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi na pamoja na nini, habari yake nyingi imekufa.

Yapo mahali ambapo mapenzi kwa mashine moja lazima yakubali kushindwa, na fizikia ndiyo inayoamua. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya masafa mamoja, yaani inayogeuza umeme kwa kasi moja tu, hupiga kelele ovyo ufukweni. Hapo unahitaji ya masafa mengi kwa pamoja, au ya mapigo. Ya mapigo hutuma umeme kwa vipande, hukata, kisha husikiliza kinachobaki. Ndiyo hufaa pia kwenye udongo wenye chuma kingi wanakotafuta dhahabu, na wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanaijua vizuri kuliko wanahobi wengi wa huku. Mtu mwenye detekta nzuri ya sarafu asitegemee iwe nzuri huko.

Kwa hiyo ukinunua mpya, usiuze ya zamani kwanza. Zika sarafu ya fedha, kipande cha metali ya risasi na kipete cha kopo kwenye uwanja wako, kila kimoja peke yake, kisha zika vingine vikiwa na msumari kando. Pita juu yake kwa mashine zote mbili, kwa kasi tofauti, mpaka uweze kutaja kilicho chini bila kutazama skrini. Shambani, ukipata mlio unaokutia shaka, usichimbe bado. Pitisha ile unayoielewa, sikiliza, rudia na mpya, ndipo uchimbe. Mimi humshauri mtu afanye hivyo msimu mzima. Na ile ya zamani ikikaa kabatini, itolewe betri, na waya wa koili usikazwe sana kwenye fimbo. Hayo mawili yangenipunguzia nusu ya kazi ninazoletewa.