Shahada ya biolojia: muhula wa kwanza anza na kemia

Kijana wa Newala au Nachingwea akipata nafasi chuo kikuu kusoma shahada ya biolojia, swali analotuletea sisi washauri wa masomo huwa hili: nichukue kozi ngapi za biolojia muhula wa kwanza? Wengi wana haraka. Wameipenda biolojia tangu wakiwa sekondari, fizikia na hesabu wamezivumilia tu, na sasa wanaona wakati wao umefika. Jibu letu huwashangaza. Muhula wa kwanza, ipe kemia nafasi ya mbele, hesabu na takwimu zifuate, kisha ndipo uone umebakiwa na nguvu kiasi gani za kuongeza biolojia juu ya ile ya lazima.

Sababu ziko hapa hapa kusini mwa Tanzania. Ingia kwenye shamba la mikorosho wakati wa maua, kiangazi kikiwa kimeshika, utazame mashada kwa karibu. Mti wenye ugonjwa wa ubwiriunga utaujua: vijitawi vya shada vimepakwa unga mweupe unaoelekea kijivu, maua machanga yamegeuka kahawia na kukauka kabla ya kufunga korosho. Chukua kipande uweke chini ya hadubini, utaona nyuzi za kuvu zimetambaa juu ya ngozi ya mmea. Hapo ndipo biolojia inapoanza, na wengi hudhani ndipo inapoishia.

Lakini mkulima anapuliza salfa. Kwa nini salfa imdhuru kuvu na mkorosho ubaki salama? Swali hilo huwezi kulijibu bila kemia. Na mtafiti wa kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) anayetaka kujua dawa ipi inafaa zaidi hawezi kutibu mti mmoja na kutangaza matokeo. Mikorosho hutofautiana kwa mavuno hata isipoguswa na dawa yoyote. Inabidi atenge miti ya kutosha, mingine aiache bila dawa, kisha apime kama tofauti anayoiona imeletwa na dawa au imetokea tu kwa bahati. Hiyo ni takwimu. Ugonjwa mmoja wa mti tunaoujua sote, na tayari umehitaji masomo matatu.

Chuoni mambo yamepangwa kwa mantiki hiyo hiyo. Biokemia, fiziolojia na jenetiki ya molekuli, ambazo kwa kawaida huja baadaye, zinakuchukulia kwamba unajua moli, asidi na besi, na jinsi atomi za kaboni zinavyoungana. Kozi nyingine zina kozi tangulizi: hujafaulu ya kwanza, ya pili husajiliwi. Ndiyo maana sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kemia mwaka wa kwanza inauma kuliko sapu nyingine. Haikuchukulii likizo tu, inaweza kukuvurugia mpango mzima wa mwaka wa pili.

Sasa tuhesabu saa, maana wengi hawahesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi, zikijumlisha darasa, maabara na kujisomea. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula, na hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo: saa 40 kila wiki. Ni kazi ya ajira kamili. Mwanafunzi anayejiongezea kozi ya krediti 12 kwa sababu jina lake limemvutia amejiongezea saa 8 kwa wiki, na hajapika, hajafua, hajapanda daladala.

Maabara zinahitaji jicho la pekee. Kipindi cha vitendo huweza kuanza saa 8 mchana kikaisha saa 11 jioni, na nyuma yake kuna ripoti ya kuandika. Kozi mbili zenye vitendo, ya kemia na ya biolojia, zinamtosha mgeni. Tatu anaziweza aliyetoka shule yenye maabara iliyokuwa ikitumika kweli. Tunajua shule zetu nyingi mtu anafika kidato cha sita akiwa ameshika bureti mara chache sana. Si kosa la mwanafunzi, lakini ratiba yake lazima izingatie hilo.

Na jambo hili lisemwe mapema: nafasi yenyewe ya kuchagua ni ndogo. Kozi nyingi za mwaka wa kwanza ni za lazima, zikiwamo stadi za mawasiliano. Unachochagua ni kozi moja au mbili za hiari, na ukiona takwimu au hesabu za msingi kwenye orodha, chukua. Aliyesoma kidato cha sita PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia) na kupita kwenye BAM, yaani hesabu za msingi za matumizi, ana pa kuanzia. Anayeota viumbe wa bahari kwa sababu amekulia Mikindani au Kilwa asivunjike moyo kozi hiyo ikikosekana muhula wa kwanza. Mikoko itamsubiri, na mwaka wa pili ataiingia akiwa na kemia ya maji ya chumvi kichwani.

Wazazi nao tunawaomba kitu kimoja. Shahada ya biolojia siyo hatua ya kwanza ya udaktari. Hapa kwetu shahada ya udaktari wa binadamu huombwa moja kwa moja baada ya kidato cha sita na ni miaka 5. Msimsukume kijana ajaze kozi za mwili wa binadamu mkidhani mnamfupishia njia.

Ukishasajiliwa, usikae na mashaka. Kozi za hiari hubadilishwa ndani ya wiki chache za mwanzo, kisha mfumo hufungwa. Katika wiki hizo hudhuria vipindi vyote, omba mpangilio wa kozi wenye mada na uzito wa alama, weka ratiba ya maabara mbele yako uone kama kuna vipindi vinavyogongana, halafu nenda na karatasi hiyo kwa mshauri wa masomo wa idara yako. Mwambie wazi ulipata nini kwenye kemia ya kidato cha sita.