Sanitaiza haimalizi kila kirusi

Tangu korona iingie mwaka 2020, wengi huamini kwamba ukishapaka sanitaiza, virusi vyote mkononi vimekufa. Kwa korona, homa ya mafua na Ebola, imani hiyo haiko mbali na ukweli. Virusi hivyo vimevaa utando wa mafuta uliotoka kwenye seli ya mgonjwa. Alkoholi ya asilimia 60 hadi 80 huuvuruga utando huo, na bila utando kirusi hakiwezi kuingia kwenye seli nyingine.

Virusi vya polio na norovirusi (vinavyosababisha kutapika na kuharisha) havina utando huo. Kirusi cha polio, chenye upana wa nanomita 30 hivi, ni uzi mmoja wa RNA (maelekezo ya kutengeneza virusi vipya) ndani ya ganda la protini za aina 4, kila aina nakala 60, zilizoshikana kama matofali. Ganda hilo hupita tumboni bila kudhurika na asidi. Likinasa kwenye CD155, protini ya kipokezi iliyo juu ya seli, hubadilika umbo, hutoboa utando wa seli na kupenyeza RNA, na ribosomu, yaani viwanda vya protini vya seli, huisoma kana kwamba ni ya seli yenyewe. Alkoholi haipati mafuta ya kuyeyusha hapo.

Sabuni nayo haiviui virusi hivi visivyo na utando; huving'oa tu. Kwa hiyo sugua sekunde 20 na suuza kwa maji yanayotiririka. Bakuli moja la kunawia watu wote hurudisha virusi mikononi.

Sakafu yenye matapishi ifutwe kwanza, maana uchafu humaliza nguvu ya klorini ya kuua virusi hivyo. Kisha changanya mililita 30 za klorini ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji, mwaga, uache dakika 10.